Jedwali Liingie Ukurasa Mmoja

Shangazi yangu alikuwa mpiga chapa, na ofisini walimwita Mama Mistari. Maofisa walimletea ripoti walizozipanga kwa kubonyezabonyeza kitufe cha nafasi, safu zimepinda kama meno ya mtoto. Alifuta yote, akachora jedwali upya, akahakikisha kichwa chake kinajirudia juu ya kila ukurasa. Jedwali lililokatika vibaya lilimnyima usingizi, nasi nyumbani tulimcheka.

"Shangazi yako ndiye nguzo ya ofisi hii," mkurugenzi aliniambia siku nilipompelekea miwani aliyoisahau. Kilemba cha ukoka, na shangazi akakivaa. Miaka yote hiyo alikuwa kibarua, akisubiri ajira ya kudumu aliyoahidiwa na mkurugenzi huyohuyo.

Mwaka huu akapewa kuchapa jedwali la muundo mpya wa ofisi, kila cheo na mstari wake. Mstari wa mwisho uliandikwa "mpiga chapa", na peke yake ukaangukia ukurasa wa pili.

"Huo wa mwisho utoe," mkurugenzi akasema. "Jedwali liingie ukurasa mmoja."

Shangazi alidhani tatizo ni ukurasa. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Alirudi kwenye kompyuta, akabana pambizo, akapunguza nafasi ndani ya visanduku, akateremsha ukubwa wa herufi kidogo tu. Jedwali likaingia lote, mpiga chapa akiwa chini kabisa. Akalichapisha, akalipeleka mbiombio.

"Limeingia, bosi. Hakuna haja ya kutoa kitu."

Mkurugenzi aliitazama karatasi, kisha dirisha. "Mama, sizungumzii ukurasa. Siku hizi kila mtu anajichapia."

Shangazi akarudi kwenye kompyuta, akauchagua mstari wake, akaufuta mwenyewe. Kisha akarudisha pambizo zilivyokuwa, maana sasa nafasi ilitosha. Mwezi ulipoisha, alikuwa ameshamwaga unga. Asante ya punda ni mateke, na mateke yenyewe aliyapanga yeye, yakanyooka.

Juzi tulikuwa sebuleni, simu yake ikaita. Mkurugenzi! Hakuuliza hata hali.

"Mama, jedwali la ripoti limekatika katikati, kichwa hakionekani ukurasa wa pili. Wageni wako njiani."

Nilimfanyia ishara akate simu. Akanigeuzia mgongo. "Chagua mstari wa kwanza, bosi. Ule wa juu kabisa. Sasa nenda kwenye mipangilio ya jedwali…" Alimwelekeza taratibu, kidole kikibonyeza hewa, mpaka upande wa pili ukakatika bila kwaheri.

Akabaki ameishika simu. "Hakuniambia kama limekubali."

Hasira zilinipanda. "Si ungeliacha likatike, Shangazi! Watu wamekutupa!"

Alinitazama kama aliyesikia tusi.

"Wao wamenitupa," akasema. "Jedwali lina kosa gani?"