Mchumba Wangu na Wenzake Walikuwa Wanacheka Siri za Mabinti

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni dada wa miaka 28, mzaliwa wa Murangi, naishi Mwisenge hapa Musoma. Natengeneza tovuti pamoja na mchumba wangu. Ndoa yetu imeshaanza kutangazwa kanisani.

Kuna mama mmoja wa Bunda anawahifadhi mabinti wanaokimbia kuozeshwa kwa lazima. Tulimtengenezea tovuti: binti anaandika shida yake, ujumbe unafika kwa mama peke yake. Majuzi mama akanipigia. "Mwanangu, mabinti wanasema wakituma wanaambiwa ukurasa haupatikani. Na mimi sipati kitu."

Nikakaa na laptop nikijua ni kosa dogo. Mfumo tunaotumia una faili la njia, ndilo linalosema kila anwani ifungue ukurasa gani. Linasomwa toka juu kushuka chini. Ikikutwa njia inayofanana na ulichoomba, mfumo unaishia hapo hapo, za chini hausomi. Nikakagua herufi, ziko sawa. Nikafuta kumbukumbu za zamani za mfumo, bado. Nikaziita njia zote zijionyeshe, ndipo nikaona moja ambayo sikuiandika mimi, imekaa juu ya yetu. Ilikuwa inadaka kila ujumbe, inaacha nakala kwenye ukurasa wa siri, halafu inaupeleka kwa mama. Sasa nilikuwa nimebadilisha anwani ya ukurasa wa mama, hiyo njia ya wizi ikawa bado inapeleka kwenye anwani ya zamani ambayo haipo tena. Ndiyo maana jumbe zilikwama.

Nikafungua ule ukurasa wa siri. Jamani! Vilio vya watoto wa watu, na chini yake mchumba wangu na rafiki zake wawili wanaandika vichekesho. Binti ameeleza baba yake alivyomfungia ndani, wao wanampa maksi za kulia vizuri.

Nikamfuata. Alikuwa anakula sato. Akasema, "Tulikuwaga tunacheka tu. Kwani nimemgusa mtu?" Akaendelea kunyonya kichwa cha samaki. Nikamwacha na samaki wake, nikarudi kwenye laptop.

Niliifuta ile njia, nikamtumia mama jumbe zote zilizokwama, nakala zake nilizikuta kwenye ule ukurasa wa siri. Moja ilikuwa ya binti wa Butiama: "Mama, Jumamosi wanakuja kunichukua." Mama alipofika kwao alikuta ameshachukuliwa, na nyumbani hakuna anayetaka kusema kapelekwa wapi. Mchumba wangu aliusoma huo ujumbe kabla ya Jumamosi. Chini yake ameandika, "Huyu naye harusi hatualikwi?"

Mama yangu mzazi ananiambia, "Hanywi, hapigi, unaacha mume kwa mambo ya kompyuta?" Kuolewa naye siwezi, hilo siombi ushauri. Akinishika mkono nasikia kinyaa, naenda kunawa kwa sabuni.

Kinachonitesa ni mama wa Bunda. Yeye anajua ni hitilafu tu, na ananishukuru kila siku. Nikimwambia ukweli, mabinti watajua walisomwa na kuchekwa, hawataandika tena, na wengine hawana pa kukimbilia zaidi ya hapo. Nikinyamaza, nakuwa mwenzao wale watatu. Jana ameniuliza, "Mwanangu, yule mtoto wa Butiama, kweli ni mtandao tu ulimwangusha?" Sijamjibu mpaka sasa.

Nyie mngekuwa mimi, mngemjibu nini?