Mikaratusi ya Shemeji Camille

"Munifunge macho na kitambaa, munipe jani moja tu. Nitawaambia ni muti gani, na kama utakuwa nguzo ao utakuwa kuni!"

Maneno hayo Maman Nsimire aliyasema mbele ya kanisa la Kadutu, Jumapili ya Pasaka, mwaka 1952, watu wakiwa bado na harufu ya pasi kwenye nguo. Wakacheka. Aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Camille, mdogo wa marehemu mume wake, karani wa duka la ngozi, bwana mwenye kalamu tatu mfukoni na wino katika moja.

"Ile ni kazi ya agronomu, semeki," alimjibu shemeji yake. "Wewe uko wa kumwanga maji tu."

Ni kweli, Nsimire alimwaga maji. Miaka saba alimwagilia miche ya agronomu, yule bwana shamba, katika bustani ya Wazungu kwenye barabara ya kwenda Miti, akapalilia, akajaza udongo vikopo. Lakini Camille ndiye asiyekuwa na haki ya kucheka, kwa sababu miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amemnyang'anya shamba.

Mambo yalikwenda hivi. Kule kilimani Miti, mtu aliyepewa shamba kwa muda anapanda maharage, anapanda viazi, lakini mti hagusi. Kupanda mti ni kusema: hapa ni kwangu. Mwenye kutaka kusema hivyo anampelekea mkuu wa kilima ng'ombe, ile ng'ombe ya kalinzi, na tangu siku hiyo udongo ni wake na wa wajukuu wake. Bisimwa, mume wa Nsimire, alikwenda kuchimba dhahabu Kamituga ili anunue ng'ombe huyo. Shimo likamwangukia. Kilio hakijaisha, Camille akapeleka ng'ombe wake mwenyewe, akarudi na shamba. Nsimire na binti yake Apolline wakatolewa maharage yakiwa katika maua. Wakahamia chumba kimoja Kadutu, na jembe lao likawa la kufungia mlango.

Sasa Camille alitaka miti, na haraka. Miti ingefunga midomo ya watu, halafu ingekuwa nguzo za kuuza kwenye migodi. Miche akaja kuiomba kwa nani? Kwa yule yule Nsimire. Uso wa kufanya hivyo aliuazima wapi, hatujui.

Alikuta mambo tayari. Mwaka ule agronomu alikuwa amepokea pakiti ya mbegu kutoka Australia, upande wenye ukame, ili ajaribu mikaratusi ya kuvumilia jua kule Luberizi, katika bonde la Ruzizi. Nsimire ndiye aliyeiotesha. Akaona kwamba chini kabisa, kwenye makwapa ya yale majani mawili ya kwanza, kila mche ulikuwa na vivimbe. Mikaratusi mirefu ya bustani ile haikuwa na kitu cha namna hiyo. Mbuzi akaingia siku moja akala vichwa vya mstari mzima. Wiki tatu baadaye kila mche uliokatwa kichwa ulikuwa na vichwa vitano.

"Huu hautakuwa mti mrefu," agronomu alisema, akiandika. "Ni kichaka. Kile kivimbe kitashuka chini ya udongo, kiwe fundo la mbao, na ndani yake machipukizi mengi yamelala. Moto ukipita juu, yanaamka."

Nsimire aliendelea kumwaga maji. Ila siku ile alimwaga polepole.

Agronomu alipeleka Luberizi miche aliyohitaji. Mia nne ilibaki, itupwe.

"Semeki," Camille alisema akiwa bado juu ya baiskeli, "niko natafuta mikaratusi."

"Iko hapa, papa. Mingi."

Camille alisugua jani, akanusa, akafunga macho kama padri. "Eeh! Ndiyo yenyewe. Na bei?"

"Wewe ni mutu wa nyumba yetu. Beba tu."

Nsimire akambebea nusu yeye mwenyewe, kwa mgongo, mpaka Miti. Akamsaidia kupanda, shimo kwa shimo, katika shamba alilofukuzwa. Wanawake wa kilima wakamtemea maneno: huyu hana aibu. Apolline alilia kabisa.

"Maman, si ni shamba letu?"

"Lilikuwa," alijibu, akagandamiza udongo kwa kisigino.

Miaka mitatu ikapita. Majani ya utoto, mapana, yaliyokaa mawili-mawili, yalikwisha. Yakaja ya ukubwa, yanayoning'inia kama visu, rangi moja pande zote. Yalitoka maua pia, kila chipukizi likiangusha kifuniko chake kama mtu anayevua kofia. Mambo mazuri sana. Kilichokosekana ni mti. Kutoka ardhini vilitoka vijiti vinane, kumi, vilivyopinda, na urefu wake haukumpita mtu aliyesimama juu ya kiti.

Mnunuzi wa nguzo alifika na kamba ya kupimia. Hakuifungua.

"Papa, hizi ni za nyumba ya kuku?"

Camille akaikata yote ili irudi imenyooka. Kila kisiki kikatoa vijiti kumi na tano. Akachoma moto, baada ya mvua shamba likarudi na nguvu kama askari waliotoka likizo. Akaajiri watu watatu wang'oe. Chini walikuta fundo kubwa kama kichwa cha ng'ombe, shoka likaruka, wanaume wakadai chakula na wakaondoka. Maharage hayakupata pa kukaa.

Hapo ndipo Nsimire alipofika, na kilima chote kikaja nyuma yake.

"Semeki, ulijua?" Camille aliuliza. Kalamu mfukoni ilikuwa imebaki moja.

"Siku ya kwanza. Sikukudanganya. Uliuliza mikaratusi, nikakupa mikaratusi. Mimi ulining'oa mara moja tu, na maharage yangu katika maua. Haya, papa, ng'oa hii."

Watu walicheka kuliko Pasaka ile.

Mwaka 1957 Camille alirudisha shamba kwa mkuu wa kilima, akaomba ng'ombe wake. Akajibiwa kwamba ng'ombe ya kalinzi hairudi. Hakuna aliyetaka lile pori, isipokuwa Nsimire, aliyekuja na mtungi mmoja wa kasiksi, pombe ya ndizi, akapewa lote, na wazee wakamcheka mpaka pombe ikaisha. Kulima halikulimika tena, na hilo alilijua tangu alipogandamiza udongo. Alikuja na kisu. Anakata majani, yanaota mengine, anakata tena. Wagonjwa wa kikohozi wanayachemsha na kujifukiza.

Soko la Kadutu, fungu moja ni franka mbili. Kwa nyumba ya Camille, tano.