Mifupa ya Baiskeli Shambani kwa Kaijage

Mwanangu, ipo siku moja ya enzi za Mjerumani, nikiikumbuka nywele zinanisimama, na nywele zenyewe unaona nimebakiwa na tatu. Siku hiyo mdomo wangu ulikaribia kumuua jirani.

Nilikuwa kijana hapahapa Ihanda, maneno mengi kuliko majani ya migomba. Nilimbebea mizigo Mzee Kombo, mwenye duka, Mwislamu wa kutoka pwani. Mdogo wake Hamadi ndiye pekee aliyekuwa na baiskeli huku kwetu. Niliwahi kumvushia mtoni, nimeibeba kichwani. Mara moja tu, mwanangu! Lakini nikisimulia zilikuwa mara mia, na mamba namwongeza.

Basi Hamadi akaondoka na baiskeli yake kwenda kununua kahawa. Wiki ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya.

Asubuhi moja, ukungu mzito hata pua yako huioni, jirani yetu Kaijage alikuwa akichimba shimo la kuivishia ndizi za rubisi, ile pombe yetu. Jembe likagonga chuma. Akavuta, ikatoka fremu ya baiskeli. Haina magurudumu, haina kiti, nyekundu kwa kutu kama mnyama aliyechunwa ngozi. Tukaitundika kwenye uzio. Upepo ukapita ndani ya mabomba yake, ikalia, "Huuuu!" Ikanyamaza. Ikalia tena, kama mtu anayeita toka ng'ambo ya bonde na anangoja aitikiwe. Mbwa wa Kaijage akakimbilia chini ya kitanda, akakaa huko siku mbili. Huyo mbwa sikumtia chumvi.

Watu wakajaa. "Ya nani hii?"

Mimi huyo, mbele! "Ya Hamadi! Naijua kama mgongo wa mama yangu. Kaitengeneza Mjerumani, haina hata miaka miwili. Naapa!"

Nilidhani watanishangilia. Mzee Kombo akakaa chini palepale kwenye udongo. "Kaijage," akasema, sauti imekwisha, "mdogo wangu umemzika wapi?"

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Watu wa mtemi wakamfunga Kaijage mikono kwa kamba ya mgomba, wampeleke bomani kwa Mjerumani, na aliyepelekwa kule kwa kosa la kuua hakurudi kusimulia. Mkewe akanishika shingo. "Wewe uliyeapa! Ulimwona mume wangu akiua?" Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nikavihesabu. Vilikuwa kumi.

Ndipo akaja Mzee Rwiza, mhunzi wetu, mzee wa mikono myeusi kama chungu. "Mnampeleka mtu," akasema, "chuma mmekiuliza?" Akanigeukia. "Kijana, umekishika?"

"Hapana, Baba. Nimekiona."

"Umekiona kwa mdomo. Kaa hapo, ufunge hilo tundu."

Akaishusha ile fremu, akaisugua kwa mchanga na majivu. Akaigonga kwa nyundo ndogo, akaweka sikio. Mzizi ulikuwa umepita ndani ya bomba, mnene kama kidole gumba. Akamwambia Mzee Kombo alete kutoka dukani gurudumu la akiba la Hamadi. Likaletwa. Wakalijaribu kwenye uma wa mbele. Halikuingia. Wakaligeuza, halikuingia.

Mzee Kombo akasimama taratibu. Akapangusa shingo ya fremu kwa kilemba chake, chapa ya kiwanda ikatokeza. "Ya Hamadi ina ndege. Hii ina kiganja cha mtu. Jamani, hii ni kazi ya Waingereza, zile za mpira mgumu usiotiwa upepo. Niliiona moja pwani nikiwa mvulana. Walishaacha kuzitengeneza. Wakati huo Mjerumani hajafika huku, na baiskeli hapa hata kwenye ndoto haikuwepo."

Kaijage akafunguliwa. Alilia kama mtoto, nami nikalia zaidi yake, nikajaza ndoo.

Lakini Mzee Rwiza hakuinuka. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye bomba la chini, penye kiraka. "Hiki si chuma cha Mzungu," akasema. "Ni chuma chetu. Na mikato hii mitatu ni alama ya baba yangu."

Baba yake alikufa mwaka ule ng'ombe wa nchi nzima walipokwisha kwa sotoka.

"Kabla hajafa," mzee akasema, "siku moja alifua amefunga mlango. Alinikataza hata kusogea. Nilisikia nyundo, na nilisikia mivukuto ikipuliza moto. Mhunzi hawezi kufua na kuvukuta kwa pamoja. Mpaka leo najiuliza, nani alikuwa akivukuta?"

Ikajibu fremu. "Huuuu."

Tukairudisha ardhini. Shimo nililichimba mimi, peke yangu, refu mpaka nikasikia Wazungu wanaongea kwao. Siku ya nne Hamadi huyo, anasukuma baiskeli, kanenepa, nyuma yake mke mpya. Eti tairi lilipasuka Rugera. Tairi gani linalozibwa kwa kuoa?

Mwanangu, mimi ni mwongo wa kuchekesha, najijua. Chumvi itie kwenye mamba, kwenye mbwa, kwenye shimo. Usiitie kwenye jina la mtu. Ukiulizwa hiki ni cha nani, kishike kwanza, kigeuze, kipimie kwa kingine, mwite anayejua kuliko wewe. Na kama hujui, sema sijui. Mimi neno hilo lingenitoka asubuhi ile, kamba isingemgusa Kaijage.

Ukungu ukishuka, pale penye shimo bado panaita. Siitikii. Huyo anayeita ndiye mtu pekee duniani niliyemwachia azungumze peke yake.

Mungu akupe macho mepesi na mdomo mzito. Akulinde barabarani, na kila atakayekuita kwenye ukungu awe mtu unayemjua. Haya, nenda, kabla ukungu haujashuka.