Wageni Waliokosa Chai

Mwajiri wangu wa kwanza alikuwa mjane Mwislamu kutoka Majengo, Thika, mama mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa na ofisi ya kupiga chapa mjini Ruiru, chumba kimoja nyuma ya soko, ndani yake kompyuta moja, printa moja na mimi. Tulichapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, kadi za harusi na programu za mazishi.

Sheria yake ilikuwa moja tu: mashine ni ya kazi za wateja. Msichana aliyenitangulia alimchapia mpenzi wake barua ya kurasa mbili, akafukuzwa. Mama alinisimulia kisa hicho siku yangu ya kwanza, polepole, huku akinimiminia chai, ili kiniingie vizuri.

Mimi nami nikaandika kitabu kizima.

Nilikuwa jeuri kidogo, nakubali. Lakini kila Ijumaa mama alikwenda msikitini akaniacha nilinde ofisi, na saa mbili za kukaa bure mbele ya kompyuta ni mtihani mkubwa kwa mtu mwenye maneno kichwani. Nyumbani Gatongora tulikuwa watu saba katika vyumba viwili, hata kuwaza ilibidi upange foleni. Kwa hiyo Ijumaa baada ya Ijumaa niliandika hadithi ya msichana wa Mwihoko aliyependwa na seremala wa Thika, na wazee wa pande mbili wasiosikilizana. Ikafika kurasa sitini na kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na niliamini kabisa kwamba hakuna aliyewahi kuandika jambo tamu kama lile.

Jinsi nilivyoificha ndiyo iliyonipa kiburi zaidi. Kompyuta ile ya zamani, ya skrini nyeusi na maandishi meupe, haikukubali jina la faili lizidi herufi nane. Nikaiita hadithi yangu MAREHEMU. Herufi nane kamili! Kisha nikaiweka kwenye folda ya mazishi, katikati ya wasifu wa wazee wa watu. Nani angefungua wasifu wa maiti asiyemjua?

Mambo yaliharibika katikati ya miaka ya tisini, diski ya ndani ya mashine ilipojaa. Kila tukitaka kuhifadhi kadi mpya ya harusi ilibidi tufute ya watu waliokwisha kuoana. Mama akaamua iletwe diski mpya, kubwa, na pamoja nayo uingizwe ule mfumo mpya wa madirisha ambao wateja kutoka Nairobi walikuwa wakitusifia. Fundi angekuja kesho yake. Jioni hiyo sikumaliza ugali wangu.

Nilikuwa na sababu. Disketi zetu, vile vibapa vya kubebea kazi, mama alizifungia kwenye kopo la biskuti na ufunguo akauning'iniza shingoni. Kuitoa hadithi kwa printa pia haikuwezekana, maana printa ile ikianza kulia ilisikika hadi kwenye bucha la mtaa wa pili. Nakala nyingine sikuwa nayo, hata ya kalamu. Hadithi isipohamishwa, itapotea. Nikiomba ihamishwe, nitafukuzwa. Nililala na hayo mawili, nikaamka nayo.

Fundi alitoka Kahawa Sukari. Zamani alikuwa akitengeneza redio, na bado alikuwa na ile tabia ya mafundi wa redio ya kuzungumza na kitu anachokifungua. Diski mpya aliibeba ndani ya soksi ya mtoto, isije ikagongwa njiani.

"Habari za hapa, mama? Niaje, sista? Leo tunaingia dunia mpya."

Akafungua kasha la kompyuta, akaiweka diski mpya kando ya ile ya zamani, akaziunganisha zote mbili na kuwasha umeme. Skrini ikaandika kwamba hakuna diski yoyote. Haikuiona mpya, haikuiona ya zamani.

"Fundi, ya zamani imeenda wapi?" niliuliza, sauti ikinitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Relax, sista. Si iko hapa tu."

Akatueleza kwamba kila diski ina kipini cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele, kinachoiambia kama yenyewe ndiyo kubwa ya kuamuru au ndiyo ndogo ya kufuata. Yeye alikuwa amesahau akaziacha zote mbili ziwe kubwa, na sasa hakuna iliyotaka kujibu.

Mama, aliyekuwa akisoma gazeti, hakuinua hata kichwa. "Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Hapo umesema, mama," fundi akajibu, akakichomoa kipini cha ile ya zamani kwa koleo dogo na kukihamisha. Tulipowasha tena zote mbili zilionekana. Nilipumua kwa sauti kubwa hadi fundi akanitazama.

Kisha akaanza kuingiza mfumo mpya kwa disketi zaidi ya kumi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayelisha mtoto uji. Ya saba ilikwama. Akaitoa, akaipuliza, akaifuta kwenye shati lake na kuisihi kwa Kikuyu, "Ndagũthaitha." Ikakubali. Mwishowe skrini yetu nyeusi ikajaa rangi, na mshonaji wa duka la pili aliyekuwa akichungulia mlangoni na tepu yake shingoni akasema, "Ngai! Kumbe ni kama TV!"

Mama akasema, "Mashallah," akajitwalia kile kipanya alichokuja nacho fundi na kukisukuma mezani kama anayepiga pasi. Sote tukacheka, yeye wa kwanza. Nami nilifurahi kwa kweli, nikasahau shida yangu kwa dakika nzima.

"Haya, tuhamishe kazi zenu," fundi akasema. "Nichukue zote?"

"Harusi, chukua. Shule, chukua. Barua, chukua. Mazishi, wacha."

Dakika yangu ya furaha ikaishia hapo.

"Lakini mama," nikasema, "si familia huwa zinarudi? Ikifika kumbukumbu ya mwaka, watataka ule wasifu."

"Wakirudi tutawaandikia upya. Watakuwa wamekumbuka mengine."

"Na yule mzee aliyekuwa mwalimu mkuu? Ule wasifu wake ulikuwa mrefu, mama. Tuliuchapa siku nzima."

"Huyo hata wanawe hawakumsoma hadi mwisho." Akakunja gazeti. "Waliozikwa wamezikwa. Mtu hahamii nyumba mpya na makaburi."

"Basi hii ya zamani nikimaliza nifute yote, niondoke nayo?" fundi akauliza.

"Futa."

Niliusikia ujanja wangu ukinigeuka. Ningeiweka kwenye harusi, ingekuwa inahama kama bibi arusi! Fundi alihamisha harusi, akahamisha shule, akahamisha barua. Nilihesabu moyoni Ijumaa zote zile, nikamfikiria msichana wangu wa Mwihoko ambaye hata hajaolewa, na fundi akaanza kuandika ile amri ya kufuta. Kazi nyingine ningeitafuta. Hadithi ile nisingeweza kuiandika mara ya pili.

"Mama, ngoja! Kuna yangu humo ndani. Nimekuwa nikiiandika Ijumaa ukiwa msikitini. Nisamehe."

Fundi akaondoa vidole kwenye kibodi, akaangalia dari. Mama akaweka gazeti kando.

"Fundi," akasema, "nenda kwa mazishi, unitolee MAREHEMU. Huyo mmoja tu. Yeye bado yuko hai."

Sikuwa nimetaja jina.

"Jumapili moja ukiwa kanisani," akaniambia, "familia moja ilikuja kutaka nakala. Nikafungua MAREHEMU nikidhani ni wasifu wao. Nikakuta msichana anachota maji huku akimwangalia seremala. Watu wa watu wakaningoja pale kwa benchi mpaka nikamaliza sura." Akavuta leso yake vizuri kichwani. "Tangu hapo kila Jumapili nasoma ulichoandika Ijumaa. Miezi mitano nangoja uniambie mwenyewe."

"Hunifukuzi?"

"Yule aliyekutangulia hakufukuzwa kwa ajili ya barua. Nilimuuliza, akanidanganya machoni." Kisha sauti yake ya chini ikapanda, mara ya kwanza tangu nimjue. "Lakini wewe, mwanangu, umelelewa wapi? Wazee sita wanatoka Thika mpaka Mwihoko kuomba mchumba. Wanaketi tangu saa nane mpaka magharibi, wanabishana koo zinakauka, na hakuna mtu hata mmoja anayewapa chai! Mimi nilishindwa kulala."

Akafungua faili mwenyewe kwenye mfumo mpya na kunionyesha sura ya pili. Sikuwa na tabia ya kurudi nyuma kusoma, kila Ijumaa nilikimbilia mwisho niendelee. Sasa, katikati ya ugomvi wangu mkali wa wazee, nikasoma maneno ambayo sikuyaandika: "Hapo mama mwenye nyumba akaingia na birika la chai ya maziwa, yenye tangawizi na iliki, na sinia ya mahamri ya moto. Akaanza na mzee mkubwa. Hakuna aliyekunywa kikombe kimoja tu."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Iliniuma kidogo pia, maana aya yake ilikuwa nzuri kuliko zangu.

Fundi akafuta diski ya zamani, akaichomoa na kuitia kwenye ile soksi ya mtoto. Mama akamtilia chai, akanitilia mimi, akaketi.

"Na huyo msichana umwoze sasa," akasema. "Nafasi tunayo. Na mimi nimechoka kuwapikia wageni."

Ijumaa iliyofuata nikamwoza. Pilau nilimwachia mama, aiandike Jumapili.