Rehema Juma Wawili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tuliitwa uani kwa ofisi ya kazi, vijana wa Ilala na Kariakoo. Viwanda vilikuwa vimeieleza Serikali vinahitaji watu wa kazi gani, nayo ingetusomesha bure. Kwenye fomu yangu nilikuwa nimeandika "kazi yoyote".

Karani akasoma: Rehema Juma, kupiga chapa. Akasoma tena: Rehema Juma, ufundi wa mashine za kufuma nguo. Nikachanganyikiwa. Kumbe nyuma yangu alikuwapo msichana mwenye jina hilohilo, naye kaduwaa. Mimi nikajiona tayari nimeketi ofisini Posta nikipiga barua kwa taipureta, viatu vya kisigino miguuni. Nikakimbilia foleni ya chapa. Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile niliona haraka ndiyo akili.

Kozi zikaisha. Mwenzangu akachukuliwa na kiwanda mara moja. Mimi nilizunguka ofisi hadi soli zikatoboka; kila mlango waliniambia wapiga chapa wanatosha. Sikuelewa. Si tuliambiwa kazi zipo?

Nikamfuata Rehema kwenye lango la kiwanda, nikamwambia huenda nafasi ile ilikuwa yangu. Alinitazama, mikono imejaa grisi.

"Dada, aliyeomba kupiga chapa ni mimi," akasema. "Ulipokimbia nikadhani wamenibadilishia. Nililia wiki nzima."

Nikakosa pa kuficha uso: kumbe mimi niliyeandika "kazi yoyote" ndiye niliyepangiwa mashine, kazi iliyotakiwa viwandani. Nilimwomba radhi, akanisamehe, ila kubadilishana hakutaka tena. Alikwisha kuipenda mashine.

Shangazi yangu, aliyeuza kanga Kariakoo na kunilea, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Karani alikuwa mbele yako. Mbona hukumwuliza?"

Nilipoomba mafunzo mara ya pili, niliuliza mpaka karani akachoka: kiwanda kinataka nini, kazi yenyewe ikoje, jina hili ni langu au la nani. Nikawa fundi. Aliyenipokea kiwandani ni Rehema huyohuyo, na mpaka leo sijui kama nilimdhulumu au nilimsukuma kwenye riziki yake.

Basi mwanangu, ukiletewa nafasi ya kujifunza kazi, usiipokee kwa macho tu. Uliza ni ya nani, na inatakiwa wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukiona jambo limekuchanganya, simama kwanza. Usikimbie na fungu la mwenzio.

Mungu akufungulie mdomo wako kabla ya miguu yako, na mikono yako isikose kazi.