Uyoga Niliouzibia Madirisha

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Zirai, upande wa Muheza, nikiwa na cheti kipya na buti za mpira zilizonibana vidole. Katibu wa kata alinipokea mlangoni mwa ofisi yake, akanitazama, akaniuliza, "Bwana shamba, wewe unajua nini?" Nikaanza kumtajia: udongo, mbegu bora, wadudu waharibifu. Akanikatiza. "Hayo ndiyo uliyosoma. Nimekuuliza unachokijua." Kisha akanionyesha chumba cha kulala.

Siku hizo hakuna aliyekuwa akizungumzia kilimo cha uyoga. Uyoga ulikuwa kitu cha msituni. Masika yakianza, kina mama wa Zirai waliingia kwenye miti na kurudi na vikapu. Kila mmoja aliokota aina alizoonyeshwa na mama yake au mama mkwe, na asiyoijua hakuigusa. Mimi walinikataza kabisa, kwa sababu upo uyoga wa sumu unaofanana na ule wa kuliwa na unaua watu wazima. Vijana mnaosoma haya, jambo hilo halijabadilika. Msiokote uyoga kwa kuulinganisha na picha ya kwenye simu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kwai, kwenye milima ya Lushoto, nikashughulika na kabichi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Nikiwa huko, Afisa Kilimo wa Wilaya aliniita Lushoto mjini. Alikuwa mtu mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na hakupenda maelezo marefu. Akasema, "Watu wa milima hii wamegawana mashamba mpaka mengine yana upana wa kanga. Utamwambia nini mtu kama huyo, alime wapi? Uyoga hauombi shamba. Nenda kajifunze, urudi uwafundishe." Nikaenda. Niliporudi wenzangu walinibandika jina la Bwana Uyoga, nami nikajifanya nimekasirika.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Gare, hukohuko Lushoto. Mke wangu, Mama Stela, alipanda nami kutoka kwetu Korogwe kama alivyonifuata kila nilikopelekwa. Baridi hakuipenda. Alikuwa akiota jua ukutani, kanga mbili juu ya sweta, akisema serikali imemwonea kwa kosa la mume wake. Jioni tulikaa jikoni tukisema watu, na sikujua wakati ule kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kazi yangu nitakayoikumbuka zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikata mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba vipande vifupi, tukayaloweka, tukayachemsha kwenye pipa ili kuua vimelea vingine vinavyogombania chakula kilekile. Yakipoa unayakamua kwa kiganja: yakitoa tone moja au mawili, unyevu umetosha, yakichuruzika, subiri. Ndipo unachanganya na mbegu. Mbegu ya uyoga si kama ya maharage. Ni punje za nafaka zilizochemshwa na kupandikizwa uyoga, zikaachwa mpaka zishikane kwa utando mweupe. Unashindilia mchanganyiko wako kwenye mifuko ya plastiki na kuiweka gizani wiki tatu, hapa kwetu kwenye baridi hata tano, mpaka mfuko mzima uwe mweupe. Kisha unaitoboa, unaingiza mwanga kidogo na hewa nyingi, unanyunyiza maji, na uyoga mamama, aina tuliyokuwa tukiilima, unachomoza.

Faida zake nilizisema mpaka watu walizikariri. Uyoga una protini, na kwa nyumba inayoonja nyama sikukuu mpaka sikukuu hilo si dogo. Una nyuzinyuzi, vitamini na madini, na mafuta yake ni kidogo sana. Dawa sikuuita, ingawa wapo waliotaka niuite hivyo. Kwa upande wa mazingira, yale mabua tuliyokuwa tunayachoma moto yakawa chakula cha uyoga, na mfuko ukichoka, masalia yake yanamwagwa kwenye kabichi kama mbolea. Aliye na banda nyuma ya nyumba hana haja tena ya kupekua msitu, na msitu ndio unaotutunzia chemchemi zetu.

Shida yetu ilikuwa Julai. Ukungu unashuka, vidole vinakufa ganzi, na watu wa huku wana tabia ya kukifunika chochote wanachokipenda. Bi Mwanaidi, mwenyekiti wa kikundi changu cha kina mama, aliziba madirisha ya banda lake kwa mablanketi. Uyoga ukikosa hewa unarefusha shingo na kichwa kinabaki kidogo. Nilimkuta na uyoga wenye shingo za twiga.

"Bi Mwanaidi," nikamwambia mbele ya wenzake, "uyoga unapumua kama wewe."

"Mgoshi, wewe umetoka kule chini," akajibu. Mgoshi kwa Kishambaa ni mwanamume. "Baridi ya huku hujaijua. Wanangu nawafunika, uyoga nitauachaje wazi?"

Kina mama wakacheka. Nikasimama pale mpaka mablanketi yote yakatolewa, nikaondoka nikijiona mwalimu.

Mwaka uliofuata Afisa Kilimo akasema uyoga wa Gare utapelekwa kwenye maonyesho ya wakulima, tena ule wa bandani kwangu. Baridi ikazidi, nikaingiwa na hofu ya aibu. Nikachukua magunia na kuziba madirisha yangu mwenyewe. Sikuishia hapo. Uyoga mamama huvunwa kabla kingo za kofia yake hazijapinduka kuelekea juu. Zikipinduka unamwaga vumbi jeupe laini, ambalo ndilo uzazi wake, na vumbi hilo si zuri kwa mapafu ya mtu. Nilikuwa nikilijua hilo, nikilifundisha. Lakini nilitaka kofia pana za kuwashangaza watu, nikaziacha zipinduke ndani ya banda lisilo na hewa.

Aliyekuwa akiingia humo mara tatu kwa siku kunyunyiza maji ni Mama Stela, maana mimi nilikuwa vijijini nikiwafundisha watu kufungua madirisha.

"Baba Stela," aliniambia asubuhi moja, "mle ndani nakosa pumzi."

"Vumilia kidogo. Imebaki wiki moja."

Hayo ndiyo maneno yangu, na sina wa kumsingizia.

Uyoga wetu ulisifiwa. Niliporudi nilimkuta mke wangu amekaa kizingitini, mkono kifuani, akihema kama aliyepanda mlima na mzigo. Daktari alisema mapafu yake yamelikataa lile vumbi, na kila litakapoingia yatawaka upya. Asikanyage bandani tena, na hata baridi ya huku haimfai. Basi akashuka Korogwe kwa binti yetu Stela. Tulikubaliana ni mpaka apone.

Afisa Kilimo alinifuata Gare mwenyewe. Alivua miwani, akasema, "Naweza kukuombea uhamisho Korogwe. Sema leo."

"Ngoja nimalize msimu huu, mzee."

Akavaa miwani yake, akaenda zake.

Msimu ukaisha, nikaanza mwingine. Nilikuwa na sababu kila mara: kikundi kipya, banda jipya, mbegu zimechelewa. Ukweli ni kwamba huku milimani watu walisimama njiani kuniamkia, na kule chini nisingekuwa mtu. Mama Stela alipona miezi michache baadaye. Kila Jumapili tulipigiana simu, na sikukuu nilishuka siku mbili tatu, nikarudi. Mwanzo aliuliza, "Unakuja lini?" Baadaye akawa anauliza hali ya hewa. Mimi nilipika ugali wa mtu mmoja, na uyoga wa kukaanga na kitunguu, nikala nikisikiliza redio. Nguo nilizifua nikazianika kwenye kiti chake. Yapo majuma ambayo, ukiondoa kazi, sikusema na mtu neno lenye maana. Upweke ule niliuchagua mwenyewe, na bado uliniuma.

Niliwahi kuulizwa na maafisa ugani vijana siri ya kazi hii ni nini. Fungueni madirisha hata kwenye ukungu. Vuneni mapema. Funikeni pua kwa kitambaa mnapoingia bandani. Na mtu wa nyumbani kwako akisema anakosa pumzi, acha kila kitu siku hiyohiyo. Hayo matatu ya mwanzo nimeyaandika kwenye vipeperushi vingi. Hili la nne naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Nilistaafu miaka mitano baada ya yeye kushuka. Kina mama waliniaga kwa kapu la uyoga mkavu, nikamwachia jirani. Nilifua kila nguo niliyowahi kuingia nayo bandani, nikafunga mabegi mawili, nikashuka bila kumwambia Mama Stela kwamba nimestaafu.

Nilimkuta uani kwa Stela, katikati ya wanawake wanne wakipukuchua mahindi, akicheka kwa pumzi ndefu niliyokuwa sijaisikia siku nyingi. Alikuwa amenenepa, amependeza. Aliinuka akanipokea vizuri sana, akanipa kiti, akaniletea maji ya kunawa. Akanitambulisha kwa wenzake: "Huyu ndiye mume wangu wa Lushoto." Mabegi yangu yalikuwa bado nje ya geti, kwa dereva wa bodaboda, na Mama Stela hakuwa ameyaona.

Nilipokwisha kunawa akanipa taulo, akaniuliza kwa upole, bila kinyongo chochote, kama unavyomuuliza mgeni unayemheshimu:

"Safari hii unakaa siku ngapi?"

Ningeweza kumwambia. Maneno nilikuwa nayo, nilikuja nayo njia nzima.

"Mbili tu," nikasema.

"Vizuri," akasema. "Basi kesho nitakupikia samaki. Kule kwenu hampati."