Hodi ya Mwenye Nyumba

Katika duka la vifaa vya ujenzi pale Kikuyu, mzee mmoja aliyekuwa na mkewe mbele yangu kwenye foleni aliweka juu ya kaunta magurudumu ya mlango wa gereji yao. Yalikuwa yamelika, na mlango nusura umwangukie.

"Haya mapya hayapigi kelele," muuzaji alimwambia, akimwekea mengine.

Mkewe akayasukuma pembeni. "Kelele zile ndizo zinaniambia umerudi salama. Sasa nitajuaje?"

"Nitapiga hodi."

"Mzee wangu, mwenye nyumba anapiga hodi kwake?"

"Kwako, mama. Utanikaribisha?"

Bibi akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. "Haya, tufungie," akamwambia muuzaji.

Jioni mume wangu aliingia kimya kama kawaida. Nikamwomba atoke, apige hodi. Alipopiga, nilichelewa kuitikia kwa aibu.